Kumbukumbu za Utoto na Ukoo katika Historia ya Bonde la Ufa: Mfano wa Kariandusi

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akisha kuupita mji wa Gilgil, huliona Ziwa Elmenteita likitanda upande wake wa kushoto, maji yake ya magadi yaking'aa juani. Mashariki ya ziwa hilo ndipo palipo Kariandusi. Ni mahali padogo. Pana machimbo ya diatomaiti, udongo mweupe na mwepesi uliofanyika kwa mabaki ya mimea midogo mno iliyoishi katika ziwa kubwa la kale. Tena pana korongo ambamo, katika miaka ya mwisho ya 1920, msafara wa wataalamu wa mambo ya kale ulioongozwa na Louis Leakey uligundua mashoka mengi ya mawe. Mashoka hayo hayana mpini, na umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na 1,000,000. Mengine ni ya mwamba wa kawaida wa volkeno, na mengine ni ya obsidiani, jiwe jeusi lenye makali na mng'ao wa kioo.

Wataalamu wameona jambo moja la kustaajabisha katika mashoka ya aina hii. Namna ya kuyachonga ilidumu kwa mamia ya maelfu ya miaka bila ya kubadilika sana. Ustadi wa namna hiyo hauwezi kudumu isipokuwa mtoto amekaa karibu na mkubwa wake, akautazama mkono, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Kwa hiyo yaweza kusemwa kwamba kabla ya kuwapo jina lolote la kabila au la nchi, kulikuwa na mafunzo ya utotoni yaliyokumbukwa hata uzeeni, na mafunzo hayo ndiyo yaliyoviunganisha vizazi. Walakini mawe ya Kariandusi hayakuhifadhi jina la mtu hata mmoja. Yanaonyesha mkono, hayamwonyeshi mwenye mkono.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi kumbukumbu za utoto na za ukoo zilivyodumu na kuwaunganisha watu katika sehemu hii ya Bonde la Ufa, hasa katika karne ya 20. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu hizo zilikuwa mali ya watu wengi, wa mataifa na lugha mbalimbali, lakini ziliingia katika historia iliyoandikwa kwa upande mmoja tu. Aliyekuwa na kalamu alikumbukwa pamoja na utoto wake. Mwenzake aliyecheza naye alibaki kuwa jina moja katika kitabu cha mwingine, au hakubaki kabisa. Pengo hilo si dogo, kwa maana katika nchi hii ya Nakuru watu wamedaiana ardhi na haki kwa kumbukumbu za babu zao.

Watoto wawili wa Kabete

Habari ya Kariandusi haianzii Kariandusi. Inaanzia Kabete, karibu na Nairobi, ambako Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903, mwana wa wamisionari wa Kiingereza, Harry na Mary Leakey. Alikua pamoja na watoto wa Kigikuyu. Kigikuyu kilikuwa lugha ya michezo yake na ya urafiki wake, na alipobaleghe aliingizwa katika rika la Mukanda pamoja na vijana wenzake. Alijenga kibanda chake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa Kigikuyu wa umri wake. Baadaye, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikitoa Kigikuyu kiwe mojawapo ya lugha alizotakiwa kuzijua kwa ajili ya mtihani, na hati ya kuthibitisha ujuzi wake ilitoka kwa Chifu Koinange, ikiwa na alama ya kidole gumba badala ya sahihi. Ni mara chache sana wakati ule lugha ya Kiafrika ilipopewa heshima ya namna hiyo katika chuo cha Uingereza. Na iliipata kwa sababu mtoto mmoja aliisema kabla hajaambiwa kwamba ni lugha isiyo na cheo.

Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, Leakey alipewa kitabu cha hadithi za watu wa kale. Baada ya kukisoma alianza kuokota vipande vya jiwe jeusi alivyoviona barabarani na katika udongo uliolimwa. Wazee wa Kigikuyu walivijua vipande hivyo. Waliviita nyembe za mizimu, wakaeleza kwamba hushuka kutoka mbinguni wakati wa mvua. Yafaa kuzingatiwa kwamba maelezo haya hayakuwa upuuzi. Mvua kubwa ikinyesha, udongo huchukuliwa na maji na vipande hivyo huonekana juu ya ardhi. Na kweli ni nyembe, kwa kuwa vilikatia. Wazee walikuwa wameona sawasawa kila kitu isipokuwa mwenye wembe. Arthur Loveridge, mhifadhi wa makumbusho ya Nairobi, ndiye aliyemwambia kijana yule kwamba vile ni vyombo vilivyotengenezwa na watu.

Jiwe lenyewe lina habari yake. Obsidiani ya nchi hii asili yake ni volkeno za Bonde la Ufa, katika sehemu za Naivasha na Elmenteita. Basi vipande vilivyookotwa Kabete vilikuwa vimepandishwa mlima na mikono ya watu wa kale, kutoka bondeni hadi nyanda za juu. Leakey alipofika Elmenteita na msafara wake katika miaka ya 1920, alikuwa akiifuata njia ya jiwe la utoto wake kurudi kulikotoka. Katika kitabu alichokiandika juu ya maisha yake ya ujana, kilichotolewa mwaka 1937, yeye mwenyewe aliiunganisha kazi yake na mambo hayo ya Kabete.

Lakini katika misafara hiyo hakuwa peke yake. Alikuwapo Heselon Mukiri, Mgikuyu wa Kabete, rafiki wa Leakey tangu utotoni. Mukiri alifanya kazi ya kuchimba na kutafuta mabaki ya kale pamoja naye tangu misafara ya awali, na kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa wachimbaji. Jicho lake lilisifiwa na wote waliofanya kazi naye, kwa kuwa aliweza kuutambua mfupa mdogo katikati ya kokoto zinazofanana nao. Mwaka 1961, huko Fort Ternan, yeye ndiye aliyeipata sehemu ya taya ya kiumbe wa kale wa jamii ya masokwe, ambaye wataalamu walimwita Kenyapithecus wickeri. Jina hilo la pili lilitokana na Fred Wicker, mwenye shamba palipochimbwa, aliyekuwa wa kwanza kuona mifupa ya kale katika ardhi yake.

Hapa pana jambo la kufikiriwa. Watoto hawa wawili walikua mahali pamoja, wakasema lugha moja, na yamkini wakaokota mawe katika mashamba yale yale. Urafiki wao ulidumu, nao uliizalia elimu matunda ambayo dunia nzima inayajua. Hata hivyo, utoto wa mmoja umeandikwa katika vitabu kadhaa, na utoto wa mwingine haukuandikwa na mtu yeyote. Kumbukumbu ilikuwa moja, wenyewe wawili, na mrithi aliyetambuliwa mmoja tu.

Waliotembea sambamba

Mtu aweza kudhani kwamba habari ya Kabete ilikuwa ya pekee. Sivyo. Katika wilaya ya Nakuru yenyewe, upande wa pili wa mji kutoka Kariandusi, kulikuwa na mfano unaofanana nayo sana. Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902 na kuletwa Kenya angali mtoto mdogo, alilelewa Njoro katika shamba la baba yake, Charles Clutterbuck. Rafiki yake wa utotoni alikuwa mvulana wa Kikalenjin aliyeitwa Kibii. Walikimbia pamoja porini na kujifunza mambo ya uwindaji kwa wakubwa wa Kibii. Baadaye Kibii alipotahiriwa na kuingia utu uzima alichukua jina la arap Ruta, yaani mwana wa Ruta, akafanya kazi kwa Markham kwa miaka mingi, kwanza ya kutunza farasi na kisha ya kuhudumia ndege.

Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1942, Markham aliisimulia siku ambayo rafiki huyu alimjia akiwa mtu mzima kutaka kazi. Anaeleza kwamba zamani walikuwa wakitembea bega kwa bega, lakini tangu siku hiyo mwenzake alitembea nyuma yake. Na yule aliyemjua kwa jina la utotoni sasa alimwita memsahib. Markham hakuficha kwamba jambo hilo lilimgusa. Alijua kwamba mtoto hazaliwi na habari za rangi na cheo, bali hufundishwa.

Kwa mwanahistoria, hatua zile chache zilizowatenganisha mtu na mwenzake zina maana kubwa. Hazikuwekwa na chuki ya watu hao wawili. Ziliwekwa na utaratibu wa nchi. Sheria ya ardhi, kipande, mshahara na namna ya kuitana vilikuwa vimeamua nani atangulie na nani afuate. Kumbukumbu ya utoto haikuweza kuuvunja utaratibu huo, ila iliweza kuushuhudia. Kama Markham asingekumbuka kwamba hapo kwanza walitembea sambamba, asingeona ajabu yoyote kwa arap Ruta kumfuata nyuma. Hii ndiyo faida ya kwanza ya kumbukumbu za utoto katika historia: zinahifadhi picha ya mambo kabla hayajazoeleka.

Majina badala ya daftari

Basi, je, wale wasiokuwa na kalamu waliihifadhi vipi kumbukumbu yao? Jibu lapatikana katika lugha zenyewe, na hasa katika majina.

Miongoni mwa Wagikuyu, mwana wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, na wa pili jina la bibi mzaa mama. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wanne huwa imekwisha kuandika nasaba ya pande zote mbili bila ya karatasi. Baba aweza kumwita mwanawe wa kwanza 'baba' bila ya mzaha wowote, kwa maana jina ni lile lile. Mtoto hukua akiambiwa kwamba mwenye jina lake alikuwa mtu wa namna gani, alihama kutoka wapi, na alikuwa na deni kwa nani. Zaidi ya hayo, kila kundi la vijana waliotahiriwa mwaka mmoja lilipewa jina kutokana na jambo lililotukia wakati ule, kama vile njaa, maradhi au kitu kipya kilichoonekana nchini. Godfrey Muriuki, katika historia ya Wagikuyu aliyoitoa mwaka 1974, aliutegemea sana mpangilio wa marika katika kukadiria tarehe za mambo ya zamani. Yaani siku ambayo kijana aliikumbuka kwa uchungu na fahari hata uzeeni iligeuka kuwa kalenda ya taifa.

Kwa Wakalenjin, mtoto alipozaliwa wazee waliyataja majina ya wahenga wa ukoo moja baada ya jingine, na jina lililotajwa mtoto alipopiga chafya ndilo lililotambulikana kuwa la mhenga aliyemrudia. Marika yao nayo huzunguka, jina la rika la kale likarudi baada ya vizazi kadhaa. Kwa Wamasai desturi ni tofauti. Jina la marehemu halitajwi ovyo. Kumbukumbu yao imewekwa zaidi katika marika na katika majina ya mahali. Elmenteita ni neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na jina la Nakuru limetokana na lugha hiyo hiyo na lina maana iliyo karibu na hiyo. Aliyeyatoa majina haya alikuwa mchungaji aliyeyajua mavumbi ya pwani za maziwa haya wakati wa kiangazi.

Uzito wa majina hayo huonekana mtu akumbukapo yaliyotukia. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamasai wa sehemu hii waliondolewa katika bonde, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini, nao waliahidiwa kwamba ardhi waliyopewa itakuwa yao muda wote taifa lao liwapo. Mwaka 1911 mkataba mwingine uliwaondoa Laikipia pia. Walipoupeleka ushitaki wao mahakamani mwaka 1913 hawakufanikiwa. Watu waliondoka, majina yakabaki. Karibu na Elmenteita kuna kilima ambacho umbo lake lafanana na mtu aliyelala chali. Wamasai walikiita kwa jina lenye maana ya morani aliyelala. Masetla walikiita Pua ya Delamere, kwa kumtaja Lord Delamere, mwenye shamba kubwa la Soysambu. Kilima ni kimoja, na watoto wawili waliokitazama kutoka pande mbili za ua walijifunza historia mbili.

Kifagio

Baada ya Wamasai kuondolewa, mashamba ya masetla yalihitaji watu wa kufanya kazi. Ndipo jamaa nyingi za Wagikuyu, na za makabila mengine, zilipoingia Bonde la Ufa na kukaa katika mashamba hayo kama maskwota. Mwanamume alitoa kazi yake, na kwa malipo aliruhusiwa kulima kipande cha ardhi na kuchunga mifugo yake. Sheria ya mwaka 1918 iliweka siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka, na katika miaka iliyofuata siku hizo ziliongezwa katika wilaya kadhaa huku mashamba na mifugo ya maskwota ikipunguzwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 maskwota pamoja na jamaa zao walikuwa wapatao 200,000.

Daftari za mashamba ziliandika siku za kazi. Kipande, ambacho kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuwa nacho tangu mwaka 1920, kiliandika jina la mwajiri na mshahara. Mtoto hakuandikwa popote. Mama yake vilevile hakuandikwa, ijapokuwa kazi yake katika shamba ilikuwa ya kila siku. Watoto walichunga ndama na kuchuma pareto. Walizaliwa katika shamba la mtu, wakakua humo, wakaliita nyumbani, na hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba waliwahi kuwapo. Kwa hiyo historia ya watu hawa isingeandikika kama wao wenyewe wasingekumbuka. Tabitha Kanogo, aliyeitoa historia ya maskwota mwaka 1987, alitegemea kwa sehemu kubwa maneno ya watu walioishi maisha hayo katika mashamba ya Nakuru.

Miongoni mwa maneno yaliyohifadhiwa kwa njia hiyo, moja lastahili kuangaliwa kwa jicho la mwanaisimu. Katika miaka ya 1920 masetla walianza kuipunguza kwa nguvu mifugo ya maskwota. Ng'ombe na mbuzi walitwaliwa, au wenyewe wakalazimishwa kuwauza kwa bei ya hasara, na wasiokubali walifukuzwa. Maskwota waliliita tendo hilo kifagio. Neno ni la Kiswahili, tena ni la nyumbani kabisa. Kifagio ni chombo kidogo ambacho mtoto wa kike hukishika asubuhi kabla ya jambo jingine lolote. Ni nadra kwa kamusi kukipa maana ya unyang'anyi. Lakini katika mashamba yale, yaliyochanganya Wagikuyu, Wakalenjin na wengineo, chombo kilichojulikana na kila mtoto ndicho kilichotoa jina la msiba uliojulikana na kila mzazi. Si neno la Kigikuyu wala la Kiingereza. Ni la lugha ambayo watu wa mashamba waliitumia kwa pamoja. Laonyesha jinsi Kiswahili kilivyoanza kuwa ghala la kumbukumbu za pamoja katika bonde hili, hata kwa watu ambao kila mmoja alilelewa kwa lugha ya mama yake.

Kumbukumbu inapogawanya

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kumbukumbu za utoto na ukoo huleta umoja daima. Huunganisha watu wa nyumba moja, na kwa tendo hilo hilo zaweza kuwatenga na nyumba ya pili.

Leakey mwenyewe ni mfano. Vita vya Mau Mau vilipoanza, ujuzi wake wa Kigikuyu, alioupata mchezoni Kabete, uligeuka kuwa silaha ya serikali ya kikoloni. Aliandika vitabu viwili dhidi ya Mau Mau, cha mwaka 1952 na cha mwaka 1954, na aliwekwa kuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria, mpaka mawakili wa utetezi walipomshitaki kwa upendeleo naye akajiondoa. Mwaka 1954 jamaa yake, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji wa msituni. Kenyatta naye alikuwa amekwisha kuandika juu ya mila za Wagikuyu katika kitabu cha mwaka 1938, akieleza mambo aliyoyapata kwa babu yake aliyekuwa mganga. Watu wawili, kila mmoja kwa kumbukumbu za utoto wake, walidai kuwajua Wagikuyu. Ugomvi wao haukuwa wa kukumbuka na kusahau. Ulikuwa juu ya nani ana haki ya kusema kwa niaba ya wote.

Maskwota nao, katika miaka ile ile, waliondolewa kwa maelfu kutoka Bonde la Ufa na kurudishwa katika maeneo ya Wagikuyu, ambako wengi wa watoto wao hawakuwa wamewahi kufika. Walirudishwa, kwa maneno ya serikali, nyumbani. Lakini nyumbani kwa mtoto ni pale anapopajua usiku bila ya taa. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 wengi walirudi bondeni, wakanunua ardhi kwa njia ya vyama na makampuni, au wakagawiwa. Hapo kumbukumbu za koo mbalimbali zilikutana katika shamba moja: ya Mmasai aliyeambiwa na babu yake kwamba malisho yale yalikuwa yao, ya Mkalenjin aliyeambiwa vivyo hivyo kwa upande wake, na ya mwana wa skwota ambaye kitovu chake kilizikwa pale pale. Hakuna aliyekuwa akisema uongo. Machafuko yaliyotukia katika sehemu za Nakuru miaka ya 1992, 1997 na 1998, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yalikuwa na sababu nyingi za kisiasa, lakini wachochezi walijua vyema kuzitumia kumbukumbu hizo. Mapema mwaka 2008 maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walipiga kambi katika Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Watoto waliokuwa katika mahema yale ni watu wazima leo, nao wana lao la kukumbuka.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilikusanya maelezo ya watu zaidi ya 40,000 kutoka nchi nzima. Ukubwa wa idadi hiyo waonyesha kwamba watu hawakuwa wamesahau. Walikuwa wakingoja kuulizwa. Wako wasemao, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo yafaa kwa chakula. Kwa historia ya Bonde la Ufa haifai, kwa sababu njaa ya jana ndiyo iliyomfanya mtu wa leo aitazame sahani ya jirani yake kwa shaka.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha mambo matatu. Kwanza, kumbukumbu za utoto na ukoo hudumu kwa kuwa zimefungwa katika vitu vinavyoshikika: jiwe, jina, rika, kilima, neno la nyumbani. Pili, kumbukumbu hizo huwaunganisha watu wa asili mbalimbali pale wanapozishiriki tangu utotoni, kama ilivyokuwa Kabete na Njoro. Ila muungano huo huharibiwa upesi ikiwa mmoja peke yake ndiye apewaye nafasi ya kusimulia. Tatu, kumbukumbu ya ukoo mmoja, ikisimuliwa bila ya kuisikiliza ya ukoo wa pili, yaweza kugeuka kuwa hati ya madai na hatimaye kuwa silaha. Dawa yake haiwezi kuwa kusahau. Dawa ni kuzikusanya zote, kwa lugha zilizozihifadhi, na kuziweka mahali pamoja ambapo kila mmoja aweza kuisoma ya mwenzake. Kazi hiyo ni ya wanahistoria na wanaisimu kwa pamoja, na wazee wenye kuyajua mambo ya mashamba ya masetla wanazidi kupungua kila mwaka.

Kuhusu Heselon Mukiri, ipo habari ya kuongeza. Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru walikozikwa wazazi wake. Mwaka 1993, wataalamu waliokuwa wakichunguza mabaki ya kiumbe wa kale wa jamii ya masokwe, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita na ambaye mifupa yake ilipatikana katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, waliona kwamba yafaa apewe jina lake mwenyewe. Walimwita Proconsul heseloni, kwa kumheshimu Mukiri. Mwaka 2015 jina la kwanza lilibadilishwa na wataalamu wengine likawa Ekembo. Jina la pili halikuguswa.

Kwa desturi ya Wagikuyu, mjukuu huchukua jina la babu ili babu asipotee. Hapa mambo yamekwenda kinyume: kiumbe wa miaka milioni 18 amechukua jina la mtoto wa Kabete. Ni haki iliyochelewa, wala hairudishi utoto ambao haukuandikwa. Lakini inaonyesha kwamba jina laweza kuwekwa mahali palipokuwa pamekosa jina, mradi wapo watu wanaokumbuka lilikuwa la nani. Katika korongo la Kariandusi mashoka yamelala hayana wenyewe, na hakuna awezaye tena kuwauliza walioyachonga. Waliochunga na kuvuna kando ya Elmenteita bado wana watoto na wajukuu wa kuulizwa.